Tafuta Mlango wa Maji Kabla ya Kukwangua Kutu

Hotuba niliyoitoa kwa mafundi na wanafunzi wa gereji, Kariobangi, Nairobi. Nimeiandika karibu na nilivyoisema, nikipunguza marudio.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kuacha kazi asubuhi ya Jumamosi mje kunisikiliza.

Nilipokuwa nashusha mashine hii kutoka kwenye mkokoteni, kijana mmoja aliniuliza, "Fundi, mashine ya boti hapa Nairobi ni ya kazi gani?" Swali lake ni la haki. Mimi nilikulia Shimoni, Pwani ya kusini, ambako mtoto huujua mlio wa mashine ya baba yake kabla boti haijaonekana. Hapa bahari iko karibu kilomita 500 kwa barabara, na Bwawa la Nairobi lilimezwa na magugu maji miaka mingi iliyopita. Lakini vipuri vinashukia mjini hapa, na mashine huvifuata vipuri. Zinakuja na basi la usiku kutoka Kisumu na Homa Bay, zinakuja na pikapu kutoka Naivasha, nyingine zinatoka Lodwar zimefungwa magunia. Nyingi zinapotufikia zimeshapita kwa mafundi wawili watatu. Kila mmoja amebadilisha kitu, na hakuna aliyejua maji yanaingilia wapi.

Hilo ndilo neno langu la leo. Maji yakiingia ndani ya mashine huacha njia yake imeandikwa kwa kutu. Fundi akiikwangua kutu kabla ya kuisoma, amefuta barua aliyoandikiwa yeye.

Mashine iliyo mezani ni ya tu-stroki, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, silinda mbili, nguvu farasi 40, na imepita miaka 20. Mwenyewe anavua omena. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, kwa hiyo mashine ikizima ziwani inazima gizani. Lalamiko lake ni kwamba asubuhi inawaka kwa shida, baada ya nusu saa silinda moja inaacha kupiga, na kila wiki ananunua plagi. Aliponipigia simu alikuwa ameshaamua dawa: "Fundi, ninunulie ringi na pistoni, nakutumia pesa leo." Nilimjibu kwamba sitanunua hata waya mpaka nijue mlango uko wapi.

Hizi hapa plagi zake mbili. Zipitisheni mkono kwa mkono, lakini msizifute. Ya silinda ya juu ina rangi ya kahawia, kavu, kama ganda la njugu iliyokaangwa. Hiyo ni plagi ya mashine yenye afya. Sasa tazameni ya silinda ya chini. Kauri yake ni nyeupe pe, hakuna masizi hata kidogo, na kwenye ule ukingo wa chuma kuna nukta za rangi ya chungwa, ndogo kama unga wa pilipili. Fundi mgeni akiiona atafurahi, atasema hii ndiyo inayochoma vizuri. La. Plagi hii imeoshwa. Maji yakiingia kwenye moto yanageuka mvuke, na mvuke unasugua masizi kuliko brashi yoyote. Mkifungua kichwa, kile kifuniko cha silinda, mkakuta pistoni moja ni nyeusi na jirani yake inang'aa upande mmoja kama sufuria iliyosuguliwa majivu, mjue maji yalipita upande ule unaong'aa.

Nitawaambia kwa nini nalisema jambo hili kwa uchungu.

Mwaka wangu wa nne mjini hapa, mzee mmoja wa Mbita aliniletea mashine yenye ugonjwa kama huu. Nilifungua kichwa, nikaona kutu kwenye ukuta wa silinda ya chini, nikafanya nilivyofundishwa: nikakwangua, nikaosha kwa petroli, nikapiga msasa, nikaweka ringi mpya, zile pete za pistoni, na gaskiti mpya ya kichwa, ule utando wa kuziba maungio. Iliwaka kwa mvuto mmoja. Mzee alilipa, akanishukuru, akaondoka. Baada ya wiki tano alirudi nayo. Pistoni ya chini ilikuwa imeshika katikati ya ziwa usiku, na yeye na wanawe wawili walipiga makasia mpaka alfajiri, upepo ukiwa usoni. Hakunifokea. Aliiweka chini akasema, "Mwanangu, ulinitengenezea kutu, hukunitengenezea maji." Siku hiyo ndipo nilipofungua mfuniko wa eksozi, yaani njia ya moshi, kwa mara ya kwanza. Kwenye bamba la ndani, linalotenga maji na moshi, palikuwa na tundu la kupita sindano. Maji yalikuwa yakitona pale muda wote, na alama zake zote nilikuwa nimezifuta mwenyewe kwa kitambaa na petroli.

Ili muelewe tundu lile, lazima mjue maji yanapita wapi. Tangu Ole Evinrude aanze kuuza mashine zake kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, mpango haujabadilika sana: maji yale yale boti inamoelea ndiyo yanayopoza mashine. Hakuna rejeta. Maji yanaingilia kwenye vitundu vya ubavuni, chini karibu na propela. Impela, ule mpira wenye mabawa, unayasukuma yapande kwenye bomba la shaba au plastiki mpaka juu. Yanazunguka mfuniko wa eksozi, yanazunguka silinda, yanafika kwenye kichwa, yanapita themostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata joto, kisha yanashuka na kutoka pamoja na moshi. Ule mchirizi mnaouona ukiruka pembeni ni sehemu ndogo tu, inatoka ili nahodha ajue pampu inafanya kazi. Mchirizi ukiwa na nguvu haimaanishi ndani ni salama. Unasema pampu inasukuma. Hausemi maji yote yanafika yanakotakiwa.

Basi kila safari mashine inakunywa maji mapya na uchafu mpya. Baharini kila lita moja ina karibu gramu 35 za chumvi. Ziwa Turkana lina magadi, na magadi yanaila alumini. Ziwa Victoria ni maji baridi, na wengi wanadhani maji baridi hayana madhara, lakini kutu haihitaji chumvi. Inahitaji chuma, maji na hewa.

Na chuma kipo ndani. Bodi ya mashine ni alumini, lakini slivu ambamo pistoni inapanda na kushuka ni chuma, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni chuma, na beringi ni chuma. Kwa hiyo mna rangi mbili za kusoma. Chuma kinatoa kutu nyekundu. Alumini haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe kama chokaa. Mkiona unga mweupe kando ya gaskiti, kati ya tundu la maji na mdomo wa silinda, hapo maji yamekuwa yakipenya. Mkiona mstari mwembamba umekatiza ule ukingo wa gaskiti unaozuia moto, hapo ndipo palipofunguka. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Kila kipande unachokitoa kipige picha kabla ya kitambaa kukifikia.

Sasa, mahali kutu ilipo.

Ikiwa kutu iko juu, karibu na kichwa, na pistoni imeoshwa kwa juu, shuku gaskiti ya kichwa au kichwa chenyewe kimepinda. Ikiwa kutu inaanzia kwenye dirisha la eksozi, lile tundu la ubavuni mwa silinda, na upande wa pili wa silinda ni safi, maji yanatoka upande wa eksozi: bamba la ndani, gaskiti zake, au gaskiti ya chini pale bodi ya mashine inapokalia mguu, ile sehemu ndefu inayoshuka majini. Na ikiwa kutu imetapakaa silinda zote mbili, imeshuka mpaka kwenye krenki na beringi, na kwenye bakuli la kabureta kuna unga mweupe au tope la kahawia, usihangaike na gaskiti. Maji yanakuja na petroli. Hilo kulithibitisha ni rahisi: mimina petroli ya tangi lake kwenye chupa safi isiyo na rangi, iache itulie robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mpaka wake kwa macho. Nimewahi kuletewa mashine iliyofunguliwa mara tatu, na ugonjwa ulikuwa kifuniko cha tangi kilichopasuka, mvua inaingia.

Kuna mlango wa nne, na huu unatuhusu sisi wa Nairobi zaidi kuliko mafundi wa Mombasa au Kisumu. Ndani ya mguu wa mashine hubaki maji hata baada ya kuitoa ziwani. Mashine ikisimama wima, yanashuka na kutoka. Ukiilaza na mguu ukawa juu kuliko bodi ya mashine, maji yale yanarudi kwa njia ya moshi mpaka kwenye dirisha la eksozi, na dirisha likiwa wazi yanaingia kwenye silinda. Sasa fikirini mashine iliyotolewa majini jioni, ikatupwa kwenye buti la basi, mguu umeegemezwa juu ya magunia ya mahindi, usiku kucha mpaka Nairobi. Asubuhi unafungua plagi unakuta kutu mbichi. Kutu hiyo haikutoka ziwani, imetoka barabarani. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: "Ilisafirije?" La pili: "Ilikaa siku ngapi bila kuwashwa?" Mengine huja baadaye.

Utajuaje kama kutu ni mbichi au ni ya zamani? Chovya kitambaa kwenye oili, bonyeza, futa mara moja. Kutu mbichi ina rangi ya chungwa, inatoka, na chini yake chuma ni laini. Kutu ya zamani ni ya kahawia iliyokolea, na ukipitisha ukucha unakwama kwenye vishimo. Mtazame pia kama kuna pete, mstari wa kutu uliozunguka silinda kwa usawa mmoja. Hiyo ni mahali pistoni ilipolala na maji juu yake. Pete moja ina maana mashine ilikaa mara moja na maji ndani. Mkikuta pete tatu kwa urefu tofauti, mteja akasema shida imeanza wiki hii, mwonyesheni zile pete kwa heshima. Mara nyingi hata yeye hajui. Kijana aliyemwachia boti ndiye anayejua.

Baada ya macho, vipimo. Mashine hii niliipima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, jana jioni: plagi zote mbili nje, nyaya zake nimezigusisha kwenye bodi, kabureta imefunguliwa mpaka mwisho, nikavuta kamba mpaka mshale ukasimama. Silinda ya juu ilisoma paundi 98 kwa inchi mraba. Ya chini paundi 81.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu nimeona mashine nzima ikihukumiwa kifo mjini hapa kwa kosa hili. Vitabu na mafundi wa Pwani watakwambia mashine ya namna hii isome karibu paundi 120. Ukiishika namba hiyo, utasema hata silinda ya juu imekwisha. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi. Kanieneo yake ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa. Pistoni inabana hewa iliyopo, haiwezi kubana isiyokuwepo. Silinda inayosoma 120 ufukweni itasoma karibu 98 hapa Kariobangi, na haina ugonjwa wowote. Kwa hiyo usilinganishe silinda na kitabu, ilinganishe na mwenzake. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 10 naingiwa na shaka, zikipita 15 nafungua. Hii imetofautiana kwa 17.

Lakini kompresheni inasema silinda inavuja tu. Haisemi inavujia wapi, wala haisemi maji yanaingilia wapi. Ringi iliyokwama kwa kutu itasoma vibaya, na gaskiti iliyoungua itasoma vibaya vile vile. Kipimo ninachokipenda ni cha upepo na povu, na vifaa vyake havizidi vile vya fundi baiskeli.

Niliitoa bodi ya mashine kwenye mguu. Chini yake nikafunga ubao wenye mpira wa tyubu ya zamani, ukaziba matundu yote ya maji na tundu la moshi pia. Pale mchirizi unapotokea nikaunga mpira, na kwenye mpira pampu ya baiskeli yenye kipimo. Nikasukuma mpaka paundi 10. Msizidishe 15, hamtafuti kupasua kitu. Ikiwa njia za maji ni nzima, mshale unatulia. Wa jana ulishuka mpaka sifuri kabla dakika haijaisha, na nje hapakuwa na povu mahali popote. Basi upepo ulikuwa unakwenda ndani.

Nikachukua maji ya sabuni, nikapaka utando kwenye matundu yote mawili ya plagi, kama watoto wanavyopuliza mapovu. Pistoni ya chini nikaipandisha mpaka juu kabisa. Kwenye mashine ya tu-stroki, pistoni ikiwa juu inaziba dirisha la eksozi, kwa hiyo upepo ukitokea kwenye tundu lake la plagi njia pekee ni kichwa. Utando wa chini ukatulia, haukutikisika. Lakini wa juu ukavimba, ukapasuka. Nikageuza krenki nusu mzunguko, pistoni ya chini ikashuka na ya juu ikapanda. Sasa utando wa chini ndio ukavimba, wa juu ukatulia. Nikarudia mara nne, jibu likawa lile lile: kila silinda iliyofungua dirisha lake la eksozi, hiyo ndiyo iliyopumua.

Mnaona maana yake? Ingekuwa gaskiti ya kichwa imeungua kwenye silinda ya chini, povu lingebaki chini hata nikigeuza krenki namna gani. Upepo huu unahama kwa sababu unatoka kwenye chumba ambacho silinda zote mbili zinakitumia, chumba cha eksozi. Na kwa nini basi silinda ya chini ndiyo inayooza? Kwa sababu maji hufuata mkondo. Yanateremka ndani ya chumba kile na kulifikia zaidi dirisha la chini. Mwenye mashine alitaka ringi. Ningemwekea ringi, na baada ya wiki tano ningekuwa tena na mzee wa Mbita mlangoni.

Tutakapofungua mfuniko huu wa eksozi, adui wetu atakuwa bolti. Ni ndogo, za milimita 6, na ni zaidi ya kumi. Bolti za chuma zikikaa kwenye alumini miaka 20 na maji yanapita, ule unga mweupe unajaza nyuzi na kuzishika kama saruji. Ukitumia nguvu kichwa cha bolti kinakatika, na bolti moja iliyokatika ni kazi ya nusu siku kuitoboa na kutia nyuzi mpya. Mimi nafanya hivi. Jioni yake natia mafuta ya kulainisha kutu. Asubuhi nagonga kichwa cha kila bolti mara kadhaa kwa nyundo ndogo, kugonga kwa mshtuko, si kwa hasira. Kisha napasha moto ile alumini iliyoizunguka, naiacha bolti yenyewe. Alumini inapanuka zaidi ya chuma, kwa hiyo tundu linalegea. Ikiwa ya moto nagusisha mshumaa, nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi. Halafu spana ya mkono. Naanza kwa kukaza kidogo sana, mpaka nisikie inakatika ule mshiko, ndipo nalegeza robo, nakaza, nalegeza. Anayeleta bunduki ya upepo kwenye kazi hii simruhusu akaribie meza yangu.

Bamba la ndani likitoka, msitosheke kulitazama. Ligonge taratibu kwa ncha ya bisibisi, mahali palipooza patalia vingine na ncha itazama. Kisha litoeni nje mliinue juani. Tundu la sindano halionekani kwenye kivuli cha gereji, lakini juani linawaka kama nyota.

Kuna jambo nataka tulimalize hapa hapa, nalo ni silikoni. Nimefungua mashine nyingi zilizozibwa kwa silikoni kila mahali palipokuwa na gaskiti. Inazuia miezi miwili, kisha vipande vya silikoni vinakatika, vinasafiri na maji na kuziba themostati au njia za kichwa. Sasa mashine iliyokuwa na tatizo la kuvuja ina tatizo la kuungua. Gaskiti ina unene wake uliopimwa. Nunua gaskiti, na kama bamba limetoboka nunua bamba. Ukikosa, mwambie mwenyewe umekosa.

Kichwa kipimeni kwa rula ya chuma na fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo. Kikipinda zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, tandika msasa namba 400 juu ya kioo kinene, ukisugue kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote uwe rangi moja. Bolti zake kazeni kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili. Themostati ichemsheni kwenye sufuria yenye kipimajoto. Nyingi za mashine hizi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi joto 50 na 60, na ikibaki imefunga hapo, haifai.

Kutu yenyewe je? Iliyo kwenye ukuta wa silinda, kama ukucha haukwami, inasuguliwa na maisha yanaendelea. Vishimo vikikwama ukucha, silinda inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa robo au nusu milimita. Lakini beringi za krenki na za konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, hazina msamaha. Geuza krenki polepole kwa mkono, macho yamefungwa, usikie kwa vidole. Ukihisi mchanga, hata kidogo, vile viroda vimeshapata vishimo, na kila kishimo kitakula kingine. Hapo mwambie mwenye mashine ukweli wote kabla hajatoa pesa, hata kama ukweli huo unamfanya aichukue mashine yake aende nayo.

Wapo waliouliza habari za mashine iliyozama. Kwa ufupi: adui ni hewa kuliko maji. Mashine ikitolewa chini ya ziwa na hakuna fundi karibu, iacheni ndani ya pipa la maji safi mpaka fundi afike. Ikishatoka tu, saa zinahesabika: plagi nje, maji yote yamiminwe, kabureta isafishwe, oili imwagwe kila tundu, na iwashwe siku hiyo hiyo. Mashine iliyozama ikaoneshwa jua siku mbili kwa nia njema ya "kuikausha" nimeikuta imeoza ndani.

Oili ya gia boksi iko mbali na silinda lakini ichunguzeni pia, kwa sababu mwenye boti hawezi kuiona. Mashine ikae wima usiku kucha, asubuhi legeza skrubu ya chini kidogo. Yakitangulia maji, au oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, kuna sili, ule mpira unaozuia maji, iliyokwisha. Vua propela kwanza. Mara nyingi utakuta uzi wa nyavu umejizungusha pale na kuikata sili, na mtu alikuwa ameshauziwa sili tatu bila uzi kutolewa.

Na vile vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu, na vingine ndani ya njia za maji: kazi yake ni kuliwa ili alumini isiliwe. Vikibaki nusu, badilisheni. Msivipake rangi. Nimeona mashine imepakwa rangi mpya nzuri inayong'aa, na zinki zake zimepakwa pia, basi hazifanyi kazi tena. Zinki ni ya baharini. Kwa boti ya Naivasha au Ziwa Victoria vinavyofaa zaidi ni vya magnesi.

Nimesema ya kutosha, na mashine haitibiwi kwa maneno. Bolti zote za mfuniko huu nilizitia mafuta jana saa kumi na mbili jioni. Gesi iko pale, mshumaa uko kwenye kopo. Mwenye boti nimemwahidi kumpigia simu saa saba mchana nimwambie tumekuta nini, na amesema atakuwa ufukweni anangoja. Nahitaji watu watatu waje mbele: mmoja apige picha, mmoja ashike tochi, na wewe dada uliyekuwa ukiitazama plagi ile kwa muda mrefu, njoo ushike nyundo. Tunaanza na bolti ya katikati.